Nchi Mbili Zinunuazo Mbao

Ikiwa unasoma kitabu hiki darasani, katika shule yo yote ya Kisii au ya Nyamira isiyo na dari, inua macho kidogo utazame juu. Utaona mabati, chini ya mabati utaona papi zilizopigiliwa misumari, na chini ya papi utaona kenchi zinazochukua uzito wote na kuuteremsha ukutani. Yamkini mbao hizo ni za msaipresi au za msonobari. Miti hiyo miwili si wenyeji wa milima ya Abagusii. Asili yake ni Meksiko. Na yamkini vile vile mbao zenyewe hazikupasuliwa Kisii, wala Kericho, wala mahali po pote pa Kenya, bali zilivuka mpaka zikiwa juu ya lori. Mwanafunzi aweza kusoma jiografia ya Tanzania akiwa amekaa chini ya kipande cha Tanzania bila ya kujua.

Katika biashara, mbao hugawanywa mafungu mawili, ngumu na laini, na maneno hayo yamewapoteza wengi. Mbao laini si lazima ilainike kwa kucha. Ni mbao ya miti ile ambayo mbegu zake hukaa wazi, aghalabu ndani ya koni, na majani yake ni kama sindano au magamba: misonobari, misaipresi, mierezi na jamaa zake. Mbao za miti mingine yote huitwa ngumu, hata mti wa balsa ambao hukatika kwa kisu kidogo. Mkaratusi, kwa hesabu hiyo, ni mbao ngumu, na jambo hilo litatufaa hapo mbele. Dunia nzima hupenda mbao laini kwa kujengea kwa sababu miti yake hukua upesi na kunyooka, mbao ni nyepesi kupandishwa juu ya nyumba, na zinakubali msumari bila ya kupasuka.

Nataka tulinganishe nchi mbili zilizonunua mbao za namna hiyo kutoka nje: Uingereza na Kenya. Sikuzichagua kwa sababu zinafanana. Nimezichagua kwa sababu moja iliitawala nyingine na kuianzishia kazi ya kupanda misitu. Kisha historia ikazipitisha katika njia mbili zilizopishana, hii ikipanda na ile ikishuka, mpaka leo zote mbili zinasimama sokoni na fedha mkononi.

Tuanze na Uingereza, maana ununuzi wake ni wa zamani sana. Kisiwa kile kilikuwa na misitu ya mialoni, ambayo ni mbao ngumu, lakini mbao laini kilikuwa nazo kidogo mno. Mji wa London ulipoungua mwaka wa 1666, nyumba maelfu zikawa majivu, na wafanyabiashara wa Norwei wakapata soko ambalo hawakuliota. Baada ya hapo mahitaji yakaendelea kukua. Milingoti ya merikebu za kivita, sakafu, milango na paa vilitoka bandari za Bahari ya Baltiki, kama Riga na Danzig, ambako magogo yaliteremshwa kwa mito mikubwa. Biashara hiyo ilikuwa na nguvu hata ikaacha alama katika vipimo: kwa miaka mingi wauzaji wa Uingereza walihesabu mbao zao kwa kipimo kilichopewa jina la mji wa Petersburg wa Urusi, nacho kilikuwa futi za ujazo 165. Taifa linapopima bidhaa kwa kipimo cha mji wa wageni, huna haja ya kuuliza bidhaa hiyo hutoka wapi.

Napoleon ndiye aliyewatia hofu kwa mara ya kwanza. Mwaka wa 1806 alitoa amri ya kuzifunga bandari za Ulaya zisifanye biashara na Uingereza, na mwaka wa 1807 akapatana na mfalme wa Urusi, basi mlango wa Baltiki ukawa nusu umefungwa. Serikali ya Uingereza ikaziongezea kodi mbao za nchi za kigeni na kuzipendelea zile za makoloni yake ya Amerika ya Kaskazini. Merikebu zikaanza kuvuka bahari ya Atlantiki zikiwa zimejaa misonobari ya Quebec na New Brunswick, na wakati wa kurudi Amerika, kwa kuwa hazikuwa na shehena, zikawapakia wahamiaji maskini wa Ailandi na Uskoti kwa nauli ndogo. Upendeleo huo ulipunguzwa kuanzia mwaka wa 1842 na kuondolewa mwaka wa 1860, nayo Uingereza ikarudi kununua po pote palipokuwa rahisi. Ilikuwa tajiri, bahari ilikuwa yake, na hesabu za wafanyabiashara zilionyesha kwamba kupanda mti na kuungoja miaka hamsini ni upuzi ikiwa mtu wa Uswidi anao uliokomaa na anakuuzia leo. Kufika mwaka wa 1914, zaidi ya sehemu tisa katika kumi za mbao zote zilizotumika nchini humo zilitoka nje.

Mwaka huo wakazi wa Kisii wana sababu yao wenyewe ya kuukumbuka. Mwezi wa Septemba 1914 jeshi la Wajerumani lilitoka upande wa Tanganyika na kuingia katika kituo cha Kisii, ambacho Waingereza walikuwa wamekianzisha miaka saba tu nyuma. Likapigana nao tarehe 12, kisha likarudi lilikotoka. Vita vilivyopita hapa kwa siku chache vilikaa huko Ulaya miaka minne, na huko manowari za Wajerumani ziendazo chini ya maji zilikuwa zikizamisha merikebu za mizigo. Hapo ndipo ilipojulikana mbao ni nini. Migodi ya makaa ya mawe ilihitaji magogo ya kutegemezea paa zake; bila ya magogo hapana makaa, bila ya makaa hapana chuma wala meli wala mizinga. Mahandaki ya askari yalitaka mbao. Reli zilitaka mataruma. Ikabidi misitu ya mabwana wakubwa ikatwe ovyo nchi nzima.

Baada ya vita, mwaka wa 1919, bunge liliunda Tume ya Misitu na kuipa kazi ya kununua ardhi na kupanda miti laini, kwa maana wakati huo msitu ulifunika kama sehemu moja tu katika ishirini ya nchi. Tafadhali liangalie jambo hili kwa makini, msomaji, maana ndilo lenye mafunzo mengi katika hadithi yote. Tume ilipanda kwa bidii. Lakini vita vya pili vilikuja mwaka wa 1939, yaani baada ya miaka ishirini, na mti wa miaka ishirini katika baridi ya Uskoti ni mtoto. Misitu ile iliyopandwa kwa ajili ya vita haikuwa tayari vita vilipofika. Mbao nyingi zilizoiokoa Uingereza safari ya pili zilikatwa tena katika misitu ya watu binafsi, na mwaka wa 1942 kikaundwa kikosi cha wanawake wa kukata miti kwa sababu wanaume walikuwa vitani.

Upandaji uliendelea hata hivyo, na leo msitu wafunika yapata sehemu kumi na tatu katika mia za Uingereza. Je, imeacha kununua? La. Yapata sehemu nne katika tano za mbao na vitu vitokanavyo na miti bado hutoka nje. Uswidi ndiyo iuzayo mbao laini nyingi zaidi, na Latvia na Finland ni miongoni mwa zinazoifuata. Watu wamekuwa wengi, nyumba zimekuwa nyingi, na kisiwa hakikuongezeka ukubwa. Lakini kununua kwa siku hizi si kama kule kwa 1914, maana sasa msitu uko nyuma ya nyumba. Mbao za Urusi zilipokatazwa baada ya vita vya Ukraine kupamba moto mwaka wa 2022, bei zilisumbua, ila hapakuwa na mtu aliyekimbia usiku na shoka.

Sasa tugeuke tuitazame Kenya.

Hapa mambo yalianza kinyume. Nchi ilikuwa na mbao laini zake za asili: mtarakwa, ambao ni mwerezi wa milima yetu, na podo, wenye shina refu lililonyooka. Reli ilipofika Kisumu mwaka wa 1901 ilihitaji kuni za kuchemsha maji ya garimoshi, ndiyo maana mikaratusi ya kwanza ililetwa nchini mwaka wa 1902, mwaka ule ule Idara ya Misitu ilipoanzishwa. Viwanda vya kupasua mbao vikafuata. Msitu mkubwa wa Lembus alikodishwa mlowezi Ewart Grogan kwa mkataba wa mwaka wa 1916 uliozungumzwa sana, kwa kuwa ulimpa miti mingi kwa malipo madogo. Mitarakwa ilikatwa vipande vyembamba na kupelekwa ng'ambo kutengenezea kalamu za risasi. Basi usistaajabu ukiambiwa kwamba katika miaka hiyo mwanafunzi wa Ulaya aliandika kwa mti wa Kenya.

Podo na mtarakwa hukua polepole mno. Wakuu wa misitu waliliona hilo mapema, wakaleta misaipresi na misonobari kuiziba nafasi. Kwa kazi ya kupanda walitumia njia iliyojaribiwa kwanza huko Burma, nayo hapa ikaitwa mfumo wa shamba. Tangu karibu mwaka wa 1910 mkulima asiye na ardhi alipewa kipande cha msitu uliokatwa. Alikifyeka, akapanda mahindi na viazi, na katikati ya mazao yake akapanda na kupalilia miche ya Serikali. Baada ya miaka mitatu hivi miche ilikuwa imeanza kumtilia kivuli, akahamishiwa kipande kingine. Ulikuwa mfumo wa werevu na wa ukali kwa pamoja: Serikali ilipata msitu kwa gharama ndogo, na mtu aliyeupanda hakuwa na hata mti mmoja wa kwake. Hata hivyo misitu ilisimama. Ukitoka Nyamira kuelekea Kericho, ukapita Londiani, Molo na Elburgon, unapita katika nchi iliyopandwa kwa njia hiyo, na kutoka huko ndiko zilikotoka mbao nyingi za Kenya ya magharibi.

Ajali zilitokea. Aina moja ya msonobari iliyopendwa sana iliharibiwa na ugonjwa wa kuvu mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikabidi iachwe. Lakini kwa ujumla, katika miaka ishirini ya kwanza ya Uhuru Kenya ilijitosheleza kwa mbao laini. Mwaka wa 1974 kiwanda kikubwa cha karatasi kilianza kazi Webuye, kikitegemea misonobari iliyopandwa kwa ajili yake upande wa Turbo. Wakati huo, ukizilinganisha nchi hizi mbili, mwanafunzi alikuwa amempita mwalimu: Uingereza ilinunua nje sehemu kubwa ya mbao zake, na Kenya ilikata zake.

Kisha ngazi ikaanza kushuka. Mwaka wa 1987 Serikali ilipiga marufuku kilimo ndani ya misitu, na wakulima wakatolewa. Madai ya kwamba baadhi yao walikuwa wameharibu msitu yalikuwa na ukweli, lakini wao ndio waliokuwa wakipanda, na Idara haikuwa na fedha za kuajiri wengine. Basi ukataji ukaendelea na upandaji ukabaki nyuma, kama mtu atoaye fedha benki wala hawekezi. Mwaka wa 1990 wakaingia vidukari wa msaipresi, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, wakakausha mashamba mengi. Ardhi ya misitu nayo ikagawanywa. Mwaka wa 2001 peke yake Serikali ilitangaza kuondoa yapata hekta 67,000 katika misitu yake, nyingi zikiwa upande wa Mau. Kabla ya hapo, mwezi wa Oktoba 1999, ilikuwa imetolewa amri ya kukataza ukataji katika misitu ya umma, isipokuwa kwa makampuni machache makubwa. Wenye viwanda vidogo vya kupasua mbao wakafunga.

Amri ya namna hiyo yaweza kuzuia shoka, haiwezi kuzuia haja ya mbao. Tazama yaliyofuata. Mwaka wa 2003 elimu ya msingi ikawa bila ya malipo, na mwaka huo huo ikaundwa hazina ya maendeleo ya majimbo ya bunge. Madarasa yakaanza kujengwa kila kijiji, na kila darasa lataka paa. Kisii na Nyamira zina watu wengi kuliko sehemu nyingi za nchi: hesabu ya mwaka wa 2019 ilipata watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii, ambao ni zaidi ya 900 kwa kila kilomita mraba, na 605,576 katika Nyamira. Nyumba za msonge zilizoezekwa kwa nyasi zilikuwa zimekwisha kuyapisha mabati, na mabati hayalali juu ya fito za kichakani.

Mbao zikatoka Tanzania. Huko Sao Hill, katika wilaya ya Mufindi, majaribio ya kupanda misonobari yalianza mwaka wa 1939, na upandaji mkubwa ukafanywa katika miaka ya 1970 na baadaye, mpaka msitu huo ukawa mkubwa kuliko mingine yote ya kupandwa katika Tanzania. Msonobari hukomaa kwa miaka ishirini na tano au thelathini. Fanya hesabu mwenyewe: miti ya Mufindi ilikuwa ikikomaa miaka ile ile Kenya ilipofunga misitu yake. Hapakuwa na mtu aliyepanga mambo yakutane hivyo. Mbao hupita Namanga, hupita Holili, na kwa watu wa kusini ya Nyanza hupita Sirari na Isebania, halafu Migori, ndipo zikafika Kisii. Kutoka Mafinga mpaka Kisii kwa njia ya Mwanza ni zaidi ya kilomita elfu moja, na kila kilomita imo katika bei ya futi moja ya mbao unayoiuliza dukani.

Hapo yapasa nikuonye juu ya kulinganisha kwa tarakimu. Mbao za Uingereza huingia kwa bandari, nayo forodha huziandika tangu karne nyingi. Za Kenya huingia kwa barabara, na nyingine kwa njia za panya, na lori lisiloandikwa haliingii katika kitabu cho chote. Aidha wengine huhesabu magogo, wengine mbao zilizopasuliwa, na wengine huongeza karatasi. Hata neno upungufu lina mitego. Mwaka wa 2013 Wizara ya Mazingira ya Kenya ilitoa hesabu kwamba nchi yahitaji meta za ujazo milioni 41.7 za miti kwa mwaka na kwamba yaweza kupata milioni 31.4. Tofauti ya milioni 10.3 ilitajwa kila mahali, na wengi wakadhani ni mbao za kujengea. Sehemu kubwa ilikuwa kuni na makaa.

Katika jambo moja nchi hizi mbili zimefanana kabisa, na sijaona likisemwa vya kutosha. Msitu wa Serikali ulipokosekana, Uingereza iliokolewa na miti ya watu binafsi, Kenya pia. Tofauti ni kwamba huko mtu binafsi alikuwa bwana mwenye maelfu ya ekari, na hapa ni mjane wa Nyamache mwenye nusu ekari. Mkulima wa Kigusii, ambaye shamba lake limegawanywa tangu babu mpaka mjukuu, aliona kwamba mti usiohitaji kupaliliwa huuzwa wakati wa karo. Akapanda mikaratusi mpakani, kwenye mteremko usiofaa kwa ndizi, na kando ya kijito. Viwanda vya majani ya chai, kama Sanganyi, Kebirigo, Nyansiongo na Kiamokama, huinunua kwa kuni za kuchemshia maji ya mvuke unaokausha chai. Wajenzi huinunua kwa nguzo. Na mbao zake hutiwa katika paa mahali pa msaipresi, ijapokuwa fundi seremala atakuambia kwamba mkaratusi usiokaushwa vizuri hujipinda juu ya ukuta na kuvuta misumari.

Kuna malipo mengine. Mkaratusi hunywa maji mengi, na akina mama wa vijiji vingi wameona chemchemi zikipungua chini ya kivuli chake. Mwaka wa 2009 Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliamuru mikaratusi iliyo kando ya mito na katika maeneo ya maji iondolewe. Amri ilikuwa na haki kwa upande wa maji. Lakini ilimwendea mtu yule yule ambaye mti wake ulikuwa umeziba pengo lililoachwa na Serikali, na hakuletewa mche mwingine wala fidia. Sishangai kwamba mahali pengi miti imesimama pale pale. Nadhani msaipresi na mgrivilea, vikipandwa mbali na chemchemi, vingefaa zaidi; ila mgrivilea nao ni mbao ngumu, na msaipresi wataka subira ambayo karo ya shule haina.

Marufuku ya 1999 ililegezwa miaka kumi na zaidi baadaye, kisha nyingine ikawekwa mwezi wa Februari 2018, kwanza kwa siku 90, nazo zikaongezwa mara nyingi. Mwezi wa Julai 2023 Rais William Ruto alitangaza kuiondoa, akisema kwamba miti iliyokomaa yaoza msituni wakati nchi inanunua mbao nje; watu wengine wakaenda mahakamani mwaka uo huo kumpinga. Pande zote mbili zina hoja. Katiba ya mwaka wa 2010 yaitaka Serikali ijitahidi kufikisha miti asilimia kumi ya nchi, na mtu mwenye kuona Mau ilivyonyolewa ana haki ya kuogopa msumeno. Lakini msitu wa kupandwa si msitu wa asili: ulipandwa ili ukatwe, na ukiachwa uzee, mbao zake hupotea na wa Mufindi huuza zaidi.

Kwa sasa malori bado yapita Isebania. Mche wa msaipresi uliotiwa ardhini Borabu mwaka ule wa 2023 utafaa kupasuliwa kenchi karibu na mwaka wa 2050.